Muulize Fundi Bunduki: Itazame Kabla Hujaivuta

Barua za mwezi huu zimefanana. Bunduki ya nusu otomatiki, ile inayofyatua mara moja kila ukivuta kifyatuo kisha ikajipakia yenyewe, imekwama, na mwenyewe hawezi kunieleza ilikwama wapi kwa sababu alikwisha kuivuta. Barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, ndiko na mimi niliko. Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania: silaha kwetu ni ya leseni na matengenezo yake ni ya fundi aliyeruhusiwa na sheria, kwa hiyo yasomeni haya ili mjue cha kumweleza.

Kabla ya jibu lolote hapa chini: magazini (kikasha cha risasi) itoke, boliti (kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga mtutu) ivutwe mara tatu, chemba (nyumba ya risasi mwanzoni mwa mtutu) itazamwe kwa tochi, kisha itazamwe tena. Na risasi zisikae meza moja na bunduki unayoitengeneza. Zipeleke chumba kingine.

*Shikamoo fundi. Nina Ruger 10/22 niliyoinunua kwa mtu mwaka jana kwa ajili ya sungura. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Sasa kila baada ya risasi tatu au nne, ganda linabanwa kwenye mlango wa kutokea maganda, limesimama wima, boliti imeliuma. Nimepaka mafuta mengi, nimebadilisha springi, bado. Jirani anasema ninunue boliti mpya. Kitu kimoja kizuri ni kwamba majirani hawalalamiki tena, maana tangu Machi natumia zile risasi za kimya. — Msomaji wa Tennessee*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Lakini acha nikueleze sababu, maana ukiijua hii, mengine yote utayatatua bila mimi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Mteja akileta mashine iliyokwama, uzi umefanya kiota chini ya sahani, mimi mtoto nilikuwa nakimbilia kuvuta kitambaa. Baba alinishika mkono. "Usivute. Ukivuta umefuta barua aliyokuandikia." Sindano imesimama juu au chini? Shatoli imefika wapi? Uzi umekatikia upande gani? Akishaviona hivyo ndipo anafungua. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda Trinidad, Colorado, kwenye chuo kinachofundisha ufundi wa bunduki tangu 1947, nikakuta mwalimu mzee anasema jambo lile lile kwa maneno mengine. Nilitamani baba angekuwapo amsikie.

Bunduki kama yako hupita hatua nane kwa kila risasi: inafyatua, boliti inafunguka, ganda linang'olewa, linatupwa nje, nyundo inakokiwa, risasi mpya inalishwa kutoka magazini, inaingia chemba, boliti inafunga. Zote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ikikwama, imekwama kwenye moja ya hizo, na inakuonyesha ipi. Ganda likibaki chemba, tatizo liko kwenye kung'oa. Likisimama wima mlangoni, limeng'olewa lakini halikutupwa kwa nguvu. Boliti ikifunga juu ya chemba tupu ilhali magazini ina risasi, haikurudi nyuma vya kutosha kuichukua inayofuata. Risasi mpya ikigonga kichwa ukingoni mwa mtutu, tazama magazini kwanza.

Lako ni la pili. Sasa, 10/22, ambayo imekuwa sokoni tangu 1964, haina bomba la gesi wala kufuli ya boliti. Ganda lenyewe linasukumwa nyuma na moshi wa baruti, nalo linaisukuma boliti. Uzito wa boliti na nguvu ya springi vimepimwa kwa risasi ya kawaida ya .22. CCI Mini-Mag, kwa mfano, yenye kichwa cha greni 40 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), hutoka kwa kasi ya futi 1,235 kwa sekunde. CCI Quiet-22 ya greni 40 hutoka kwa futi 710. Kichwa ni cha uzito ule ule, kwa hiyo msukumo unaoifikia boliti ni zaidi kidogo tu ya nusu. Boliti inakwenda nyuma kwa uvivu, inafika nusu ya safari, ganda linageuka polepole, na kabla halijatoka mlango umelifungia. Watengenezaji wenyewe wanasema risasi hiyo kwenye bunduki ya kujipakia huenda ukalazimika kuvuta boliti kwa mkono. Walitoa nyingine ya greni 45, kasi futi 835, iliyotengenezwa mahususi kwa bunduki za aina yako. Ijaribu hiyo, au rudi kwenye risasi ya kawaida.

Babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), na bunduki yake ilikuwa Lee-Enfield, ambayo boliti yake huvutwa kwa mkono. Bunduki ya namna ile haijali risasi ina nguvu gani, kwa sababu nguvu ya kutoa ganda ni ya mkono wa askari. Yako inaitegemea risasi kwa kila kitu. Ndiyo maana mtu akiniletea .22 inayokwama, swali langu la kwanza ni, "Leta boksi la risasi nilione."

Usinunue boliti. Springi ya zamani irudishe, hasa ikiwa mpya ni ngumu zaidi, maana hapo umemwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuchoka. Na yale mafuta mengi yatoe. Risasi nyingi za .22 zimepakwa nta kwa nje. Nta hiyo, masizi ya baruti na mafuta yako vikichanganyika vinakuwa kitu kama lami, na kinakaa mahali pawili pabaya: ndani ya chemba, na nyuma ya ule ukucha mdogo ulio upande wa kulia wa uso wa boliti, unaoshika ukingo wa ganda. Fungua skrubu ya kitako, toa pini mbili za sehemu ya kifyatuo, toa pini ya nyuma inayozuia boliti, kisha boliti. Ukucha ukwangue kwa kijiti cha meno, si kwa bisibisi. Utashangaa kinachotoka humo.

Chemba ndiyo kazi. Mwili wa 10/22 umezibwa nyuma, fimbo haiingii kutoka huko, na watu wengi husafisha kutokea mdomoni kwa haraka na kuuharibu mdomo wa mtutu, ambao ndio unaoamua risasi yako itafika wapi. Tumia kamba ya kuvuta yenye brashi, iingie chemba itokee mdomoni. Kwa chemba yenyewe tumia brashi fupi inayopinda, iingize kupitia mlango wa maganda, izungushe kwa vidole mara kumi na kitu, kwa dawa ya kusafishia. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukimaliza, mafuta ni tone moja kila upande wa boliti. Tone.

Ikiwa baada ya hayo yote, na risasi ya kawaida, bado ganda linabanwa, badilisha ukucha na springi yake. Ni vitu vya bei ndogo. Na chukua rangi ya kucha ya mama watoto, uziandike magazini zako namba. Siku ikikwama andika ilikuwa namba ngapi. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikitafuta ugonjwa kwenye bunduki ya mteja, kumbe ulikuwa kwenye magazini moja kati ya nne. Usizifungue lakini. Magazini ya 10/22 ni ya kuzunguka, springi yake imesokotwa ndani, na ukilegeza skrubu bila kujua namna ya kuirudisha imesokotwa, inapoteza nguvu na ulishaji unaharibika kabisa. Ioshe kwa nje, ipulize, basi.

*Fundi, yangu nayo ni 10/22, mpya. Risasi kumi zikiisha boliti inafunga. Bunduki ya rafiki yangu, AR-15, boliti hubaki wazi. Nimeuziwa mbovu? — Msomaji wa Arizona*

Hapana, ndugu yangu, ni nzima. Ndivyo ilivyotengenezwa: risasi ya mwisho ikitoka, boliti ya 10/22 haibaki nyuma yenyewe. Ukitaka ibaki wazi unaizuia kwa kile kijichuma kilicho mbele ya kifyatuo. Kwa sababu hiyo hiyo, usije ukaiamini ukiiona imefunga na ukasema imekwisha. Hesabu risasi, kisha tazama chemba.

*Assalaam alaykum fundi. Niko Minnesota. Oktoba bunduki yangu ya .22 ilikuwa sawa. Januari, tuliposimama msituni kusubiri kindi, risasi ya kwanza ilitoka, ya pili boliti ikajikokota kama mgonjwa, ya tatu ikagoma. Nikirudi nyumbani nikiijaribu kwa mkono, iko sawa kabisa! — Mwindaji mpya*

Wa alaykum salaam. Pole, na hongera kwa kusimama msituni Januari huko. Msimu wenu wa sungura na kindi unakwenda hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo tusipoteze muda.

Bunduki yako imekuambia ukweli: nje inagoma, ndani inapona. Kilichobadilika ni joto tu. Mafuta mazito na grisi vikifika nyuzi 20 chini ya sifuri vinaganda kama samli, na boliti ya .22 haina nguvu ya akiba ya kuyasukuma. Ifungue, ioshe mafuta yote mpaka chuma kikauke, hasa njia ya boliti na ile fimbo ya springi. Halafu paka mafuta mepesi sana ya sintetiki kwa kitambaa, na ufute tena kana kwamba unayatoa. Utando unaobaki unatosha.

La pili ni jasho. Ukiingiza bunduki yenye baridi kwenye nyumba yenye hita, inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Maji yanaingia kwenye kifyatuo na kwenye pini. Kesho yake ukitoka nayo, yale maji yanakuwa barafu humo humo. Wazee wa huko huiacha bunduki mahali penye baridi, bila risasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mpaka siku zile za kuwinda ziishe. Ukilazimika kuiingiza, ifungue ikauke usiku kucha kabla ya kuitoa tena.

*Fundi habari za kazi. Nina AR-15 ya mtutu wa inchi 16, niliiunganisha mwenyewe vipande kwa vipande. Baada ya magazini tano ilianza: naivuta, inafyatua, ganda linatoka, lakini risasi inayofuata haichukuliwi, boliti inafunga patupu. Na magazini ikiisha boliti haibaki nyuma. Rafiki kanishauri niweke bafa nzito (ule uzito ulio nyuma ya boliti) ili ipunguze mtikiso, nikaweka ya H3. Yupo mwingine anasema nichimbe tundu la gesi liwe kubwa. — Msomaji wa Texas*

Nzuri, mwanangu. Hilo la kuchimba tundu, ambalo gesi ya baruti hutokea mtutuni kwenda kuisukuma boliti, liache kabisa. Tundu likishakuwa kubwa halirudi kuwa dogo.

Anza na jaribio la risasi moja. Weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua, tazama. Boliti ikibaki nyuma, ilifika mwisho wa safari. Isipobaki, rudia kwa magazini nyingine mbili tatu kabla ya kuilaumu bunduki. Zote zikifanya vile vile, boliti inafanya safari fupi, na wewe unatafuta mambo mawili tu: gesi inavuja mahali, au mzigo ni mkubwa mno.

Mzigo unao, umeununua mwenyewe. Bafa ya kawaida ya bunduki hiyo ina wakia 3.0 hivi, H3 inakaribia 5.4. Rudisha ile ya kwanza. Huenda kazi ikaishia hapo.

Isipoishia, tafuta panapovuja. Toa kibebeo cha boliti. Juu yake kuna kijibomba kilichofungwa kwa skrubu mbili, ndicho kinachopokea gesi kutoka mbele. Kitikise kwa vidole. Kikicheza hata kidogo, gesi inatokea hapo. Skrubu hizo zikishakazwa kwa kipimo chake, chuma cha pembeni hugongwa kizishike zisilegee, na bunduki nyingi za kuunganisha nyumbani hazikugongwa vizuri. Kisha zitazame ringi. Fundi yeyote wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, akiona mkia wa boliti ya AR atakuambia hizi ni ringi za pistoni, na ni kweli, zinazuia gesi kama ringi zinavyozuia mgandamizo kwenye silinda. Vuta boliti itoke mbele kabisa, kisha simamisha kibebeo wima juu ya uso wa boliti. Kikibaki kimesimama, ringi ni nzima. Kikishuka chenyewe kwa uzito wake, zimekwisha. La mwisho ni kile kizibo cha mbele kinachochukua gesi mtutuni. Kikikaa pembeni hata milimita moja, tundu lake halikutani na la mtutu. Hilo kwa bunduki ya kuunganisha mwenyewe ndilo ninalolishuku sana, na hapo nenda kwa fundi mwenye vipimo.

Maganda nayo yanasema. Chora saa akilini, mdomo wa mtutu ukiwa saa sita. Maganda yakitua kati ya saa tisa na saa kumi na nusu, gesi inatosha. Yakirukia mbele, saa saba au saa nane, gesi imezidi, boliti inakimbia. Yakiangukia nyuma karibu na mguu wako, saa kumi na moja, nguvu haitoshi. (Wamarekani watakutajia saa tatu hadi nne na nusu. Mshale ni ule ule, sisi tunausoma kwa jua letu.)

Nataka nikukumbushe jambo la kweli lililotokea, maana linanigusa kila nikiona mtu anadharau risasi na usafi. Bunduki hii ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake ArmaLite. Ilipopelekwa Vietnam kwa jina la M16, jeshi lilikuwa limebadilisha baruti iliyokuwa imejaribiwa nayo, chemba haikuwa na kromu, na askari wengi waliambiwa haihitaji kusafishwa sana, tena hawakupewa hata vifaa vya kusafishia vya kutosha. Maganda yaling'ang'ania chemba. Vijana walikutwa wamekufa bunduki ikiwa wazi mbele yao, fimbo ya kusafishia imeingizwa mtutuni kusukuma ganda. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya Richard Ichord, ilichunguza na kutoa ripoti Oktoba 1967, na ikalaumu vikali uamuzi wa kubadili baruti. Kromu ikawekwa chemba, vifaa vya usafi vikagawiwa, na bunduki ile ile ikapona. Nilipoisoma habari hiyo chuoni nilikaa kimya muda mrefu.

*Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili, niko Ohio. Mume wangu na mwanetu wa miaka 15 hupiga shabaha Jumamosi. Wiki iliyopita nilikuwapo. Bunduki ya .22 ilitoa sauti ndogo, kama mtu aliyepiga chafya, ganda likabaki ndani. Mtoto akavuta boliti haraka, akaingiza nyingine, akataka kufyatua. Baba yake akasema endelea. Mimi moyo ulinipiga nikamwambia ashushe. Walinicheka kidogo. Je, nilikosea? — Mama wawili*

Dada yangu, hukukosea hata kidogo, na naomba wote wawili wasomewe jibu hili kwa sauti.

Sauti ndogo isiyo na mtikiso maana yake baruti haikuwaka yote, au haikuwako kabisa, na fataki (ile inayowasha baruti) peke yake ilikisukuma kichwa cha risasi kikaishia katikati ya mtutu. Ganda kubaki ndani kunathibitisha: hapakuwa na nguvu ya kuirudisha boliti. Ukifyatua nyingine nyuma yake, hewa na moshi havina pa kupita. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha, mtu wa meza ya pili alisikia "puu" hiyo, akavuta, akafyatua. Mtutu ulivimba kama nyoka aliyemeza panya. Alipona kwa sababu ilikuwa .22. Kwa bunduki yenye risasi kubwa ningekuwa naandika habari nyingine.

Na mwelezeni kijana tofauti ya pili. Akivuta kifyatuo akasikia "tik" tu, bila sauti nyingine, asigeuze bunduki kuitazama, asivute boliti. Mdomo ubaki umeelekea kwenye shabaha, mkono utoke kwenye kifyatuo, ahesabu nusu dakika. Mimi huhesabu dakika nzima. Fataki huweza kuchelewa kuwaka, na risasi inayowaka boliti ikiwa imefunguliwa hupasua ganda usoni pa mtu.

Kinyume chake, bunduki ikitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja wa kifyatuo, watoe magazini papo hapo na wasiiguse tena siku hiyo. Huo ni uchakavu au uchafu ndani ya kifyatuo, na si kazi ya kufanyia mezani nyumbani. Ipelekwe kwa fundi.

Sasa nunueni fimbo ya kusafishia, muiweke kwenye mfuko wa shabaha kila Jumamosi. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu, magazini nje, boliti imefungwa, ingizeni fimbo taratibu kutokea mdomoni mpaka igote usoni pa boliti, kisha fungeni utepe mwekundu kwenye fimbo pale inapokutana na mdomo wa mtutu. Uwanjani, ikitokea ile "puu", mtoto atahesabu, atatoa magazini, atavuta boliti, atatoa ganda, mtaona chemba ni tupu, atafunga boliti, kisha ataingiza fimbo. Utepe ukifika mdomoni, mtutu uko wazi. Ukibaki nje hata kwa upana wa kidole kimoja, kuna kitu ndani: asiipigepige fimbo ili kukitoa, bali bunduki irudi sandukuni ikiwa tupu na Jumatatu iende kwa fundi.